Sekunde Nane Kabla ya Hewani

Kwa aliye nyumbani, kipindi cha simu ni cha moja kwa moja: mtu wa Likoni anasema, mtu wa Kisauni anasikia. Lakini kati ya kinywa cha Likoni na sikio la Kisauni pamekaa kisanduku cha chuma, chembamba, kimefungwa kwenye raki pamoja na vifaa vingine, nacho huishika kila sauti kwa sekunde nane kabla ya kuiachia iende kwenye transmita. Sisi wa studio tunakiita dilei. Nimekaa nacho miaka mingi nikiwa fundi wa studio katika kituo kimoja cha Mombasa, na msimu wa uchaguzi mimi hushika karibu zamu zote. Vijana wanaoletwa kujifunza kazi mimi huwakalisha mbele yake kabla hata hawajagusa miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti, na ninayowaambia ndiyo haya.

Ndani ya kisanduku hamna maajabu. Sauti ikiingia inageuzwa kuwa namba, namba zinaandikwa kwenye kumbukumbu, kisha upande wa pili zinasomwa zikiwa zimechelewa. Sekunde nane za stirio, kwa biti 24 na sampuli 48,000 kila sekunde, ni baiti milioni 2.3 hivi, picha moja ya simu ya kisasa mara nyingi ni kubwa kuliko hizo. Ugumu wa mashine uko nje, kwenye vitufe vya mbele, kwa sababu vitufe hivyo hubonyezwa na mtu aliyeshtuka.

Kioo cha mbele kina namba moja kubwa, nayo ndiyo ya kusomwa kwanza. Inakwambia umeshika sekunde ngapi sasa hivi. Mgeni hudhani namba ile ni nane siku zote. Sivyo. Dilei ikianza kazi namba inasoma sifuri, na zile sekunde nane hazitoki popote ila kwenye kipindi chenyewe: mashine inayavuta maneno ya mtangazaji kidogo kidogo, inarefusha vituo kati ya neno na neno bila kuifanya sauti yake iwe nzito au nyembamba, na kila inachovuta inakiweka akiba. Ikivuta kwa asilimia kumi, kila sekunde kumi za mazungumzo zinaleta sekunde moja, kwa hiyo nane zinataka dakika moja na sekunde ishirini. Ukiipangia ivute taratibu, asilimia tano, zinataka dakika mbili na sekunde arubaini, na msikilizaji hatahisi lolote.

Kwa hiyo kazi inaanza na kuamua ni lini ujenge. Maneno ya mtu yanavumilia kuvutwa, muziki hauvumilii. Fidla ya taarab ikiwa kwenye noti ndefu hutetemeka, chakacha hupoteza mwendo, na masikio ya pwani kwenye mwendo wa ngoma ni makali. Watu watapiga simu kuuliza kama mashine ya kuchezea nyimbo imeharibika. Hata jingo fupi ya kituo, ambayo watu wameisikia tangu utotoni, wataigundua ikivutwa. Ndiyo maana tulipatana na watangazaji wetu kwamba dakika za mwanzo wa kipindi ni zao peke yao. Anasalimu, anataja mada, anasoma jumbe chache zilizoingia usiku, anamkaribisha mgeni. Mimi nimeshabonyeza kitufe cha kujenga tangu lile salamu la kwanza. Namba ikijaa taa inabadilika rangi, namwinulia kidole gumba kupitia kioo, na hapo tu ndipo anapotoa namba ya simu ya studio.

Hili la kutotoa namba ya simu kabla ya taa ndilo lililonigombanisha na watu kuliko mengine yote. Mtangazaji anaona laini zote sita zinamulika, watu wanangoja, salio la watu linaenda.

"Kaka, nimchukue huyu wa kwanza?"

"Bado, dada. Tuna tatu tu. Soma ujumbe mwingine."

Sekunde tatu zaonekana nyingi ukiwa unakunywa chai. Hebu zihesabu huku mtu anasema jina la kabila, kisha kitenzi. Sikio lisikie, akili ielewe, mkono utembee, na tatu zimekwisha. Nilimwambia hivyo, na siku hiyo hakuchukua simu mpaka taa ikabadilika. Watangazaji wazuri hujifunza kuzijaza dakika hizo kwa maneno yenye maana, na mwanzo wa kipindi huwa bora kwa sababu yao. Mada inaelezwa vizuri, na mpigaji wa kwanza anajua anachojibu.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa ameanza enzi za utepe, na kwake yeye muda huu ulikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Kituo cha WKAP cha Allentown, Pennsylvania, mwaka 1952 kilikiweka kichwa cha kusomea mbali na kichwa cha kurekodia, utepe ukawa unasafiri sekunde chache kutoka hiki hadi kile. Marekani wakati huo haikuruhusu mazungumzo ya simu kurushwa yakiwa mabichi, lakini yaliyorekodiwa hayakukatazwa, na maneno ya sekunde sita zilizopita yalikuwa yamesharekodiwa. Utepe ukienda sentimita 19 kwa sekunde, sekunde sita ni mita moja na sentimita 14 za utepe. Ukirukia sauti ya sasa hivi, huna tena akiba mpaka upige jingo ndefu huku utepe unajipanga upya. Mzee alinionyesha hayo kwa mikono miwili aliyoitandaza, kisha akaniambia nisiwe nabonyeza kitu bila kujua nimebakiwa na kiasi gani. Dilei za sasa hujijenga zenyewe baada ya kukatwa, lakini alichosema hakijabadilika.

Sasa kitufe chenyewe, kile chekundu, tunachokiita dampu. Wengi hudhani kazi yake ni kama kufunga mlango, unasikia tusi unabonyeza, basi. Ina mpangilio wake, na mpangilio ndio unaookoa.

Mashine yetu imezigawa zile nane mafungu mawili ya nne nne. Ukibonyeza mara moja, nne za mwisho kuingia zinafutwa. Zile nne zilizotangulia zinaendelea kwenda hewani kama kawaida, na zikisha, sauti inarukia yale yanayosemwa studio kuanzia ulipobonyeza. Ukibonyeza mara mbili, zote nane zimeondoka na wewe uko uchi: kinachosemwa sasa kinasikika sasa. Tazama basi maana yake. Dampu inafuta yaliyokwisha kuingia. Haizuii yanayoingia. Kama mpigaji bado yuko kwenye laini na bado anatukana, tusi lililobaki linaingia kwenye kumbukumbu safi na litakwenda hewani baada ya sekunde nne. Kwa hivyo mkono wa kushoto unashusha feda ya simu, kile kitelezi cha miksa cha kupandisha na kushusha sauti, kwanza, wa kulia unabonyeza dampu baadaye. Feda, kisha dampu. Nimewafanyisha vijana zoezi hili studio ikiwa imefungwa mpaka mikono yao ikafuata mpangilio bila kuulizwa, kwa sababu mtu aliyeshtuka mkono wake hukimbilia kile chenye rangi nyekundu.

Na kuna jambo la tatu, la mtangazaji. Akisikia tusi, atavuta pumzi, atasema "Aa!", au atamwambia mpigaji, "Hapana, ndugu, hayo hatusemi." Hayo nayo ni ya kufutwa. Msikilizaji ambaye hakusikia tusi atashangaa anamsikia mtangazaji anamkemea nani. Kwa hiyo, ukiwa na nane kamili, huna haja ya kuruka. Shusha feda, mwache mtangazaji atoe mshtuko wake, halafu bonyeza tusi likiwa bado ndani ya zile nne za mwisho. Baada ya hapo neno lake la kwanza liwe neno linaloweza kusimama lenyewe: "Tunaendelea na laini ya tatu, karibu." Asiombe radhi kwa lugha chafu. Nimewasikia watangazaji wakiomba radhi kwa tusi ambalo halikuruka, na kwa kuomba wakawa wamewaambia watu elfu nyingi kwamba lilikuwapo, na mitaani watu wakabuni wenyewe lilikuwa tusi gani na lilimlenga nani. Lililobuniwa huwa baya kuliko lililosemwa.

Radhi anaihitaji mgeni aliyetukanwa, na huyo anaombwa radhi baada ya kipindi, ana kwa ana, kwa sababu yeye alilisikia.

Baada ya dampu namba inasoma nne na inaanza kupanda tena yenyewe. Kwa asilimia kumi inachukua sekunde arubaini kurudi nane. Hapo ndipo pa hatari kubwa kuliko pale pa mwanzo. Wanaotukana kwa mpango, hasa wakati wa siasa, hawapigi peke yao. Wa kwanza anapokatwa, mwenzake yuko laini nyingine tayari, na baadhi yao wanajua kabisa mashine inavyofanya kazi. Kwa hiyo kila baada ya dampu tunaingia kwenye tangazo la biashara, au mtangazaji anarudi kwa mgeni aliyeko studio, mpaka namba ijae. Hatuchukui simu nyingine hata kama ni ya bibi yetu sote anayepiga kila siku kusalimu wajukuu. Yeye atangoja, na huwa anangoja.

Kuna kitufe kingine ambacho watu hawakitumii ipasavyo, cha kikohozi. Ukikishika, kinachosemwa studio hakiandikwi, lakini kumbukumbu inaendelea kusomwa, kwa hivyo msikilizaji hapati kimya hata chembe. Namba tu inashuka kwa kadiri ulivyoshika. Mtangazaji mwenye mafua anakihitaji, sawa, lakini mimi nimekithamini zaidi kwa wageni. Mgeni mzee amepoteza uzi, anataka kumuuliza mtangazaji ni tarehe gani, au anahitaji maji. Namshikia kitufe sekunde mbili, anauliza, ananong'onezwa, naachia, anaendelea. Nyumbani wanasikia mtu mwenye kumbukumbu nzuri. Nimewahi kukitumia kwa mama mmoja aliyekuwa akisimulia kuhusu mwanawe aliyepotea baharini, machozi yakamshinda. Mtangazaji alinitazama, nikashika kitufe, akampa leso na kumwambia pole pole mama, ukitaka tuishie hapa tuishie. Akasema anaendelea, na akaendelea. Sekunde zile zilikuwa zake, hazikuwa za mtu mwingine yeyote.

Kutoka kwenye dilei nako kuna adabu yake. Ukibonyeza cha kutoka, mashine inafanya kinyume cha kujenga: inaharakisha kidogo, inakula vituo kati ya maneno, mpaka namba irudi sifuri. Kwa mwendo uleule wa asilimia kumi ni dakika moja na sekunde ishirini tena. Taarifa ya habari ya saa kamili ina ishara za saa, na ishara ya saa iliyochelewa sekunde nane ni uongo. Kwa hiyo kipindi cha simu kinafunga laini zake dakika kadhaa kabla ya saa, mtangazaji anaaga kwa maneno mengi, mimi natoka chini ya maneno yake.

Kwetu Mombasa lipo la uzito zaidi ya ishara ya saa. Mwezi wa Ramadhani tuna kipindi cha jioni cha simu kinachokwenda mpaka karibu na Magharibi, na kipindi cha daku usiku. Jioni, adhana ikichelewa sekunde nane haimharibii mtu saumu. Atakuwa amengoja kidogo zaidi. Alfajiri ni kinyume. Kuna watu, hasa wazee wanaokaa peke yao, ambao redio ndiyo inayowaambia waweke kikombe chini. Adhana ya Alfajiri haipiti kwenye dilei yenye namba yoyote juu ya sifuri zamu ikiwa yangu. Laini za kipindi cha daku zinafungwa mapema, natoka taratibu, naangalia sifuri kwa macho yangu, ndipo naifungua feda ya adhana. Fundi mwenzangu Mkristo anayeshika zamu nikiwa likizo analifuata hili kwa ukali kunishinda, na huwa namshukuru kila mwaka.

Mambo ya hedifoni yanawasumbua wageni wote. Mtangazaji akiwa na dilei hawezi kujisikiliza kupitia redio iliyo hewani. Akisikia sauti yake ya sekunde nane zilizopita ulimi unafungana, anaanza kuburuta maneno kama mlevi. Lazima asikilize sauti ya miksa, kabla ya dilei. Mpigaji naye ndiyo maana kila mtangazaji wa redio utakayemsikia anasema, "Punguza sauti ya redio yako." Asipopunguza, anauliza swali, kisha ananyamaza, kwa sababu redio ya sebuleni inamletea mtangazaji wa sekunde nane nyuma akimkaribisha, naye anajibu "ahsante, naitwa fulani" kwa mara ya pili. Mshika simu wetu huwaambia kabla hawajaunganishwa: zima kabisa, au toka nje, sikiliza kwenye simu tu. Wale wanaotegea kusikia majina yao yakitajwa redioni, mwambie mtu wa nyumbani akusikilizie.

Upande wa umeme na viwango vya sauti nitasema machache. Stima ikipotea, dilei nyingi zina swichi ya ndani inayoiunganisha sauti moja kwa moja, ili kituo kisinyamaze. Ni jambo jema kwa transmita na baya kwako: sauti inatoka kama kawaida, hakuna anayeshtuka, na huna hata sekunde moja ya akiba. Iweke dilei kwenye yupiesi, betri ya akiba, ileile ya miksa, na baada ya kila stima kuyumba itazame namba kabla ya kutazama kitu kingine. Na siku ya kuifunga mashine, linganisha viwango ili sauti inayopita ndani ya dilei na ile inayopita pembeni yake ziwe sawa, la sivyo siku utakapobonyeza kitufe cha kuipita, masikio ya watu yatapasuka. Menyu zifunge kwa neno la siri. Kitufe cha dampu peke yake ndicho kisifungwe kamwe.

Nirudi kwenye sikio, kwa sababu vitufe vyote hivi vinangoja sikio.

Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, nchi ikiwa inaungua baada ya uchaguzi. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo na kutoa ripoti yake Oktoba 2008, iligusa pia yaliyosemwa redioni, hasa kwenye vituo vya lugha za mama, na mengi kati yake yalitoka kwa wapigaji simu. Mwaka huohuo wa 2008 ilitungwa sheria ya utangamano wa kitaifa, ambayo mwenye kutoa kauli za chuki za kikabila anaweza kutozwa hadi shilingi milioni moja au kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa watu wa redio hapa Kenya dilei ilipata uzito mwingine tangu hapo. Tusi la nguoni linamwaibisha mtu. Lile lingine lilikuwa limewatoa watu majumbani mwao.

Na lile lingine halisemwi kwa ukali. Linakuja na salamu, linakuja na methali. Tume ya utangamano ilipotoa orodha ya maneno ya kuangaliwa kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, ndani yake mlikuwa na madoadoa, kwekwe, na letu la pwani, wabara waende kwao. Chukua madoadoa: shambani ni madoa ya ndizi, kwenye kitambaa ni urembo, na kwenye siasa ni watu wa kabila jingine wanaotakiwa waondoke. Mtu asiyejua historia ya Bonde la Ufa ataliacha lipite, na mtu mwenye woga atamkata mkulima anayeuliza dawa ya migomba. Kwekwe vilevile. Fundi wa dilei lazima ajue anayeongea anaongea nini, katika mada gani, siku gani. Ndiyo maana sikubali kitengo hiki kiachiwe mtu mmoja anayejua Kiswahili cha shule tu. Msimu wa uchaguzi tunakaa wawili: mmoja anayesikia Kigiriama na Kidigo, mwingine anayesikia Kiluo au Kikamba au Sheng ya vijana wa Bamburi, na yeyote kati yetu akiinua mkono, mwenzake anashusha feda bila kuuliza. Kuuliza ni baadaye. Sekunde nane zinatosha kwa watu wawili wanaoaminiana. Kwa wanaobishana hazitoshi.

Pwani pia tuna mafumbo, na haya yana uzito wake. Mtu anaweza kumvua nguo jirani yake hadharani kwa mshororo mmoja wa shairi, bila neno chafu hata moja, na mtaa mzima ukajua. Nimeyaacha mengi yakapita. Fumbo la kumcheka kiongozi mvivu ni mali ya watu wetu tangu zamani za watunzi wa Mvita, na redio ndiyo baraza la sasa. Ninakata lile linalomtaja mtu wa kawaida asiye na pa kujibu, mwanamke wa mtaa fulani, mtoto wa fulani. Mpaka wake siwezi kuuandika kwenye karatasi. Naujua nikiusikia, na ninajifunza kwa kukaa na mama zangu wanaoyajua mafumbo kuliko sisi wa studio.

Lipo jambo ambalo hakuna kijitabu cha mashine kinachokwambia, kwamba wenye nguvu watakuja kukitaka kitufe chako. Alikuja mgeni mmoja, mwanasiasa, kipindi kinakwenda vizuri, mpigaji wa Changamwe akamuuliza pesa za basari za wanafunzi zimekwenda wapi, kwa adabu kabisa, akataja shule na mwaka. Mgeni akanitazama kupitia kioo na kupitisha kidole shingoni: kata. Mikono yangu niliiweka juu ya miksa ambapo angeiona. Swali likaruka lote, na jibu lake la kubabaika likaruka lote.

Alinipata kwenye korido baadaye. "Kijana, mashine ile kazi yake ni nini basi?"

"Mheshimiwa, ni ya matusi na uchochezi. Ulilouliziwa ni swali."

Alikwenda ofisini kwa wakubwa. Wakubwa wakaniita, nikawaeleza, nikawasomea kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010: uhuru wa kujieleza uko kwa kila mtu, na yaliyotolewa nje yake yametajwa kwa jina, propaganda za vita, uchochezi wa fujo, matamshi ya chuki. Aibu ya kiongozi haikutajwa. Walinisikiliza. Tangu hapo kila dampu inaandikwa kwenye daftari la zamu: saa, maneno yaliyokatwa kama yalivyosemwa, aliyebonyeza, na sababu. Daftari lile limetulinda pande zote mbili. Anayedai tumemnyamazisha anaonyeshwa, na anayetaka tumnyamazishe mtu anajua kwamba ombi lake litaandikwa kwa jina lake.

Na la mwisho ni la siku hizi, nalo linavitia vituo vingi hatarini bila wao kujua. Kipindi kinarushwa FM na papo hapo kinarushwa Facebook kwa kamera. Sauti ya kamera inachukuliwa wapi? Nimetembelea studio za wenzangu na mara nyingi nimekuta waya unatoka kwenye miksa, kabla ya dilei, kwa sababu nzuri tu: picha na midomo viendane. Matokeo yake ni kwamba tusi linafutwa kwenye redio, na kule mtandaoni limebaki zima, watu wanalikata na kulisambaza kwenye WhatsApp kabla habari za saa hazijafika. Fuata waya kwa mkono wako. Sauti ya mtandaoni ichukuliwe baada ya dilei, na picha icheleweshwe kwa kadiri ileile kwenye kompyuta ya kurushia; programu nyingi za kurushia zina mahali pa kuandika muda huo. Dilei ikikatwa picha na midomo vitaachana kidogo mpaka namba ijae tena. Viache viachane.

Rekodi ya kumbukumbu ya kituo nayo ichukuliwe baada ya dilei, kwa sababu itakayoulizwa ni iliyokwenda hewani. Sisi tuna ya pili, kabla ya dilei, inayokaa kwa mhariri peke yake kwenye kabati lenye kufuli. Hiyo ndiyo tunayoisikiliza na vijana Jumatatu asubuhi, daftari likiwa wazi mezani, tukiuliza kila dampu ya wiki ilistahili au haikustahili, na kama ilistahili, ingeweza kuwa fupi zaidi.